Tundu la Waya wa Antena

Fundi akishika drili mbele ya ukuta, swali analouliza ni moja: tundu liwe na ukubwa gani? Kebo ya RG-213, inayopendwa na wengi wenye redio za ridhaa, ina unene wa milimita 10 hivi, lakini plagi yake ya PL-259 inakaribia milimita 19. Anayepima kebo akasahau plagi hutoboa mara mbili. Heri kupitisha kebo ikiwa tupu, kisha kuchomea plagi kwa risasi ikiwa tayari imeingia ndani.

Wengine hukwepa usumbufu huo kwa kununua RG-58, ya milimita 5. Kwenye masafa ya chini haina neno. Kwenye megahezi 145, mita 30 zake humeza karibu robo tatu ya nguvu kabla haijafika kwenye antena.

Lakini swali lililopaswa kutangulia ni tundu litobolewe wapi, na jibu lake linatoka kwa radi. Katika nyanda za Kisii na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako ngurumo ni za mara kwa mara, kuingiza kebo karibu na dari kwa sababu ni rahisi ni kosa kubwa. Tundu likae chini, jirani na ardhi, ili waya wa kutoka kwenye kinga ya radi, iliyofungwa nje ya ukuta, uwe mfupi na ulionyooka hadi kwenye fimbo ya shaba. Huko Marekani fimbo hiyo huwa na urefu wa mita 2.4. Nayo lazima iunganishwe na ardhi ya umeme wa nyumba. Zikiachwa mbalimbali, radi ikipiga karibu, volti za ardhi moja huruka juu kuliko za nyingine, na mkondo hutafuta njia kupitia redio yenyewe.

Halafu kuna maji. Tundu liinamie nje. Kwa ukuta wa tofali la inchi 6, sentimita 1 au 2 zinatosha. Tofali likiwa na uwazi ndani, bomba la plastiki lipitishwe kwanza. Upande wa nje kebo ishuke chini ya tundu, ipinde taratibu, ndipo ipande kuingia, ili matone yadondoke kwenye pindo. Silikoni ya kuziba isiwe ile yenye harufu ya siki, maana asidi yake hula shaba. Ganda la kebo likipasuka, wavu wa shaba ulio ndani hunyonya maji kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa, na yanaweza kusafiri mbali.

Hata kinga bora haihimili radi inayoipiga antena yenyewe. Ndiyo maana wenye uzoefu hufunga soketi nje, kwenye kisanduku kisichoingiza maji: mawingu yanapoanza kukusanyika, kebo huchomolewa hapo, na ncha yake hubaki nje ya ukuta.