Jibu Unalijua, Mbona Unababaika?

Tuseme unaota kazi ya kuandika programu za kompyuta. Ndoto hiyo ni poa! Ila kabla ya kukuajiri, makampuni mengi hukupa fumbo ulitatue papo hapo, msaili akikukodolea macho. Kampuni ya Andela ilipofika Nairobi mwaka 2015, vijana walioomba nafasi walichujwa kwa mitihani na usaili. Wengi hukwama hapo. Je, ni kwa sababu hawajui?

Macho ya watu

Mwaka 2020, watafiti wa North Carolina State University na Microsoft, huko Marekani, waliwapa fumbo wanafunzi 48 wa kompyuta. Baadhi walilitatua ubaoni mbele ya msaili, huku wakieleza wanachofanya. Wengine waliachwa peke yao chumbani. Waliotazamwa walifanya vizuri nusu tu ya wenzao! Wasichana wote waliotazamwa walishindwa, na wote walioachwa peke yao walifaulu. Idadi yao ilikuwa ndogo, kwa hiyo tusihukumu haraka. Lakini somo lipo: mtu anaweza kujua na bado akashindwa.

Kwa nini? Ukiogopa, mwili unatoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo unaenda mbio, viganja vinatoa jasho. Akili iliyotakiwa kushika hatua za fumbo inabaki kuwaza, "Watanionaje?" Huo siyo ujinga, wala siyo ugonjwa. Ni hali ya mwili, na unaweza kuizoea.

Anza na karatasi

Huna kompyuta? Usijali. Jaribu fumbo hili. Basi la Dar kwenda Mbeya limesimama Mikumi. Karani ana orodha ya abiria 60, imepangwa kwa alfabeti. Atalipataje jina la Mwajuma haraka?

Akisoma moja moja, anaweza kusoma majina yote 60. Lakini akianza katikati, akaona jina linaloanza na K, anajua Mwajuma yuko nusu ya pili. Nusu ya kwanza anaiacha. Anakwenda tena katikati ya nusu iliyobaki, hivyo hivyo mpaka ampate. Hatazidi hatua 6! Kwa majina 1,000,000, hatua ni 20 tu. Fumbo la aina hii hupendwa sana kwenye usaili.

Sasa fanya hivi:

1. Rudia swali kwa maneno yako. Uliza usichoelewa. Kuuliza siyo aibu.

2. Tatua kwa mfano mdogo, majina 7 tu, ndipo uandike hatua.

3. Jitege mwenyewe. Je, kama Mwajuma hayumo? Kama orodha haikupangwa? Kama haina jina hata moja?

4. Tatua kwa sauti mbele ya rafiki. Yeye akae kimya, akutazame tu. Kesho mbadilishane. Dada, usiwaachie wavulana ubao. Simama na wewe.

5. Funika daftari, ujaribu upya baada ya siku chache. Kujipima hukaza kumbukumbu kuliko kusoma tena na tena.

6. Ukikwama, vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi. Kisha sema, "Naomba dakika moja nifikiri." Hakuna atakayekucheka.

7. Lala! Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Kukesha kunachosha ubongo ule ule unaoutegemea kesho.

Mazoezi haya yatakufaa hata kwenye mtihani wa hesabu, au mwalimu akikuita ubaoni kesho. Mara ya kwanza utatetemeka. Ya tano utatetemeka kidogo. Ya kumi utashangaa kwamba umemsahau anayekutazama, unaliona fumbo tu.

Haya, kazi kwako! Chukua karatasi, mtafute rafiki, umsake Mwajuma.