Je, Mashine Itamzidi Binadamu Akili?

Swali hili limetoka katika maabara za wataalamu na kufika katika masoko yetu. Katika makala hii tunaeleza namna linavyomgusa muuzaji, mnunuzi na mkopaji wa mikoa ya Shinyanga na Geita.

Mashine imekwishatuzidi wapi?

Mwaka 1997 kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Mwaka 2016 programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol wa Korea Kusini katika mchezo wa Go. Kila moja ilikuwa hodari katika jambo moja tu. Programu za sasa za akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, hufanya kazi nyingi zaidi kwa kuwa zimefunzwa kwa maandishi mengi ya wanadamu. Mwaka 1965 mwanahisabati I. J. Good aliandika kwamba mashine itakayomzidi binadamu katika kila kazi ya akili itaweza kuunda mashine bora kuliko yenyewe. Iwapo jambo hilo litatokea, na lini, wataalamu hawajaafikiana.

Mfano wa soko la dhahabu

Katika masoko ya madini, likiwemo la Geita lililofunguliwa Machi 2019, usafi wa dhahabu hupimwa kwa kifaa cha mionzi ya eksirei. Kifaa hicho hutoa jibu kwa muda mfupi, tena kwa usahihi usiofikiwa na jicho la mnunuzi mzoefu. Hata hivyo, mionzi yake husoma tabaka la juu tu. Kipande cha metali nyingine kilichofunikwa kwa dhahabu nene kinaweza kusomwa kuwa dhahabu kitupu. Hivyo mashine inaweza kutuzidi katika kupima, na bado ikamhitaji mtu anayejua kile isichokiona.

Mashine inayoamua mkopo

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au mfanyabiashara wa Kahama anapoomba mkopo kwa simu, kwa kawaida hakuna ofisa anayemsikiliza. Programu hupitia kumbukumbu za miamala na marejesho yake, kisha hukadiria kama atalipa. Lakini kipato cha mchimbaji hakina mpangilio: wiki kadhaa hapati kitu, kisha siku moja hupata kingi. Kwa programu iliyozoea mishahara ya kila mwezi, mtu huyo anaweza kuonekana wa hatari ingawa ni mlipaji mwaminifu. Hapa madhara hayatokani na mashine kuwa na akili kupita kiasi. Yanatokana na watu kuamini kwamba haikosei.

Haki na tahadhari zako

1. Uliza sababu. Jibu la "mfumo umekataa" halitoshi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kutaka uamuzi unaokuathiri kwa kiasi kikubwa usitegemee mashine peke yake. Haki hiyo ina mipaka yake kisheria, lakini usisite kuidai. Andika ombi lako na utunze nakala. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

2. Hakiki leseni ya mkopeshaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Programu inayotaka kusoma majina yote yaliyomo katika simu yako ikatae.

3. Jihadhari na anayenadi "roboti yenye akili kuliko binadamu" inayofanya biashara ya dhahabu au fedha za kigeni kwa faida ya uhakika. Hakuna mashine inayoweza kukuhakikishia faida.

4. Sauti ya ndugu inayoomba fedha kwa haraka yaweza kuwa ya kuigizwa na kompyuta. Kata simu, kisha umpigie mwenyewe kwa namba unayoijua. Ujumbe wa kitapeli uwasilishe kwa namba 15040.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mashine imekopa zake kwetu, na huenda siku moja ikawa nazo nyingi kuliko sisi. Hata siku hiyo, wajibu utabaki kwa taasisi iliyoitumia, na haki ya kuuliza itabaki kwako.