Kuzibuka kwa Mshipa na Kupita kwa Damu

Neno "mshipa" lina maana nyingi katika Kiswahili. Huitwa hivyo njia ya damu itokayo moyoni, na njia ya damu irudiyo moyoni. Tena huitwa hivyo neva, na hata maradhi ya kuvimba pumbu. Kwa desturi mazungumzo yenyewe humwongoza msikilizaji. Lakini pako mahali ambapo mwongozo huo hautoshi, napo ni katika kupima mwendo wa damu katika ateri za moyo baada ya kupanuliwa kwa puto.

Matibabu haya yalifanywa kwa mara ya kwanza na Dakta Andreas Grüntzig mjini Zürich, tarehe 16 Septemba, 1977. Mrija mwembamba hupitishwa katika ateri ya paja au ya mkono mpaka kwenye ateri za moyo. Puto lililo karibu na ncha yake hujazwa, nalo huipanua njia iliyosongwa. Siku hizi mara nyingi huachwa humo kibomba cha wavu kiitwacho stenti. Kisha mgonjwa huambiwa, "Mshipa umezibuka."

Tuitazame sarufi. Kiambishi -u- katika "zibua" hupindua maana ya "ziba", wala hakisemi zaidi ya hayo. Kizuizi kimeondoka, kama damu imefika ilikotakiwa, kitenzi hakikusema. Na huenda isifike, hasa kwa mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo, kwani vijishipa vidogo vya mbele vyaweza kuzibwa na chembe za damu iliyoganda au kubanwa na uvimbe.

Ndiyo sababu waganga hutumia kipimo cha TIMI, kilichotokana na utafiti uliofanywa Marekani katika miaka ya 1980. Dawa ionekanayo katika eksirei hutiwa ndani ya ateri, na mwendo wake hutazamwa. Daraja 0, dawa haipiti kabisa. Daraja 1, yapenya kizuizi lakini haiijazi ateri ya mbele. Daraja 2, yaijaza kwa kukawia. Daraja 3, yapita upesi kama ipasavyo. Njia nyingine ni waya upimao kanieneo ya damu mbele na nyuma ya mahali palipobanwa. Pasipo kizuizi uwiano huwa karibu na 1, ukiwa 0.80 au chini, damu huhesabiwa kuwa imepungua.

Basi, lugha yetu haikupungukiwa: kupenya si kujaza, na kujaza si kupita upesi. Matibabu haya sasa hufanywa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na mgonjwa asikiaye "umezibuka" aweza kufahamu "umepona". Yafaa tuseme "ateri" badala ya "mshipa", neno "kuzibuka" tulihifadhi kwa kizuizi tu, na habari za damu tuzieleze kwa vitenzi vyake: imepenya, imejaza, imefika.