Madeni yamekuzidi? Jua kwanza kwa nini kesi ya kufilisika inamuumiza kichwa hata wakili

Kuna swali watu huuliza kwa kunong'ona: ukizidiwa na madeni, unaweza kwenda mahakamani ukatangazwa umefilisika, mambo yakaisha?

Sheria ipo. Ni Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, imetoka enzi za mkoloni, mwaka 1930. Anayekudai anaweza kupeleka ombi, na wewe mwenyewe pia unaweza. Hata RITA, wengi tunaijua kwa vyeti vya kuzaliwa tu, lakini jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ila kati ya sheria kuwepo na wewe kupona kuna safari, na wakili ndiye anaionja.

Kwanza, ombi ni la Mahakama Kuu, siyo Mahakama ya Mwanzo ya jirani. Mtu wa Suguti ahesabu nauli ya Musoma mjini kila tarehe ya kesi. Halafu ada ya wakili, na mteja mwenyewe ndiyo huyo hana kitu! Mawakili wengi hawajawahi kushika kesi ya namna hii ya mtu binafsi, kwa hiyo usishangae akikuambia ngoja nisome kwanza.

Kazi ngumu kabisa ni kujua unadaiwa nini. Chukua muuza dagaa anayeuzia WhatsApp. Ana mkopo wa benki uliodhaminiwa na mjomba, ana kikoba, ana mikopo miwili ya simu, kachukua mzigo mali kauli mwaloni. Juu yake kuna wateja wa Mwanza na Dar waliolipia, mzigo haujatoka. Hao wateja nao ni wadai wake, ingawa yeye hawahesabu. Tena mmoja wao akienda polisi kusema katapeliwa, wakili sasa ana mambo mawili mkononi: deni, na tuhuma ya kujipatia fedha kwa udanganyifu. Kinachoweza kumwokoa ni meseji zinazoonyesha alikuwa na nia ya kutuma. Usifute chati, jamani.

Kingine kinachoharibu: mtu akiona maji yamefika shingoni anamlipa dada yake kwanza, au anaandikisha pikipiki jina la shemeji. Mahakama inaweza kuvitengua vyote hivyo, na wakili anabaki kumtetea mtu anayeonekana kaficha mali.

Na jina la biashara la BRELA siyo kampuni. Deni la duka ni deni lako. Mjomba aliyedhamini naye haponi kwa sababu wewe umefilisika, benki itamfuata.

Ndiyo maana wakili mzuri mara nyingi ataanza na mazungumzo: kupanga upya marejesho, au kama hukumu imeshatoka, kuomba mahakama ikuruhusu kulipa kidogo kidogo. Pia atakuambia vitu ambavyo dalali wa mahakama hatakiwi kukamata ili kulipa deni la hukumu: nguo zako, vyombo vya kupikia, kitanda, zana za fundi, hata nyumba unayoishi na familia. Ila nyumba uliyoiweka rehani ni habari nyingine. Na kifungo cha madai kipo, hadi miezi sita. Ukitoka, deni bado linakusubiri.

Kwa wale wa kausha damu: angalia leseni ya mkopeshaji kabla ya kukaa naye mezani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya 2018, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Kama wako yumo, mwambie wakili siku ya kwanza kabisa.

Ukienda kwa wakili, beba taarifa ya miamala ya simu ya mwaka mzima, mikataba yote hata ile ya daftari, majina ya wadhamini, na orodha ya wateja wanaosubiri mzigo. Kama huna pesa ya wakili, uliza ofisi ya kata au halmashauri walipo wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua. Nenda kabla hujaitwa mahakamani, siyo baada.