Mwambie Apige Mapema: Viungo vya Mtoto Anayecheza Jujitsu

Kama unaosha vyombo endelea tu, mradi usizime redio. Leo nataka tuzungumze juu ya mchezo ambao pengine wewe hukuucheza utotoni, lakini mwanao huenda anaucheza: jujitsu ya Kibrazili.

Kuna mama aliyeleta mvulana wake wa miaka 13 kliniki. Kiwiko kilikuwa kimevimba kwa siku 4. Kila jioni mtoto alikandwa kwa maji moto na kuchuliwa dawa, na alipolia aliambiwa avumilie, yeye ni mwanamume. Nilipomwuliza ilikuwaje, aliangalia sakafu. Mwenzake alimnyoosha mkono mazoezini, naye hakupiga. "Nilidhani nitatoka," akasema. Picha ilionyesha ufa kwenye mfupa, karibu kabisa na kiungo.

Hakupiga maana yake nini? Jujitsu haina ngumi wala mateke. Wachezaji hushikana, huangushana, kisha hushindana chini kwenye mkeka. Anayeshinda ni yule anayemweka mwenzake mahali ambapo kiwiko, bega au goti halina pa kwenda, au anayemkaba shingo, kama ile ngeta tunayoiogopa mtaani. Aliyekamatwa hupiga mkeka au mwili wa mwenzake kwa kiganja mara 2 au 3, au hutamka kwamba amesalimu. Hapo hapo anaachiliwa. Hiyo ndiyo breki ya mchezo wenyewe, na mtoto asiyeitumia ni kama gari linaloteremka mlima bila breki.

Mchezo huu una asili ya Japani. Mitsuyo Maeda, mchezaji wa judo, alifika Brazili mwaka 1914, na jamaa ya Gracie ikauendeleza huko. Mmoja wao, Hélio Gracie, alikuwa mtu mwembamba aliyetegemea mbinu kuliko nguvu. Alifundisha hadi uzeeni, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 95. Kwa hiyo ni mchezo ambao mtu anaweza kuzeeka nao, ila viungo anavyozeeka navyo ni hivi hivi alivyo navyo akiwa na miaka 13.

Sasa sikiliza hapa kwa makini, mama. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna sehemu laini, kama gegedu, ambapo mfupa hurefukia. Sehemu hiyo hufunga na kuwa mfupa mgumu mwishoni mwa ubalehe, wasichana mapema kuliko wavulana. Kabla haijafunga, mara nyingi huwa dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Mkono ukivutwa ambapo mtu mzima angeteguka tu, mtoto anaweza kuvunjika hapo panapokua. Asipotibiwa vizuri, mfupa unaweza kukua ukiwa umepinda au ukabaki mfupi. Ndiyo maana sisi wauguzi hatupendi kusikia "ameteguka tu" kabla mtoto hajapimwa.

Tena maumivu si mlinzi wa kutegemea. Upo mkamato wa kusokota kisigino. Mguu unaposokotwa, goti ndilo linaloumia, na kano zinaweza kukatika kabla mchezaji hajasikia maumivu makubwa. Katika kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, mkamato huo umekatazwa kwa watu wa umri wote wanaposhindana wakiwa wamevaa lile koti zito. Walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi hata kukamatana kifundo cha mguu au cha mkono. Na kumwinua mwenzako ukambwaga chini kwa nguvu ni marufuku kwa kila mtu.

Nenda ukumbini siku moja, ukae pembeni utazame. Je, mwalimu huwafundisha kwanza kuanguka, kidevu kikiwa kifuani, bila kutanguliza mkono? Huwapanga watoto kwa uzito na umri? Mtoto akipiga, wenzake humcheka? Mwalimu akinyamaza wakati mtoto anachekwa kwa kusalimu, mimi binafsi ningemtoa mwanangu hapo, hata kama karo imeshalipwa.

Akija nyumbani ameumia, usimkande, usimchue, usimnyooshe. Siku 2 za kwanza joto na kuchua huongeza uvimbe. Funga barafu ndani ya kitambaa, umwekee dakika 10 hadi 15, kisha urudie baada ya saa chache. Kama huna barafu, maji baridi yatasaidia. Mkono uning'inize kwa leso shingoni jinsi ulivyo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ikiwa hawezi kukunja au kunyoosha kiungo, hawezi kukanyaga, au kiungo kimepinda. Vidole vikiwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, usingoje hata chai iive.

Akiumia shingo, au akisema mikono na miguu ina ganzi, asiinuliwe. Abaki alivyo, kichwa kisisogezwe, hadi wenye ujuzi wafike. Akigonga kichwa, au akizirai kwa kukabwa, mazoezi yamekwisha siku hiyo hata akisema yuko sawa, naye apimwe. Akitapika, akichanganyikiwa, akilala kusiko kwa kawaida au kichwa kikizidi kumuuma, hiyo ni dharura.

Kurudi mazoezini kusiharakishwe. Kiungo kikunjike na kunyooka bila maumivu, kiwe na nguvu kama cha upande wa pili. Aanze peke yake, kisha na mwenzake asiyempinga, mwisho ndipo washindane. Usimpe dawa ya maumivu ili akacheze. Utakuwa umezima kengele huku nyumba inaungua. Na asifungwe njaa wala kunyimwa maji ili apungue kilo za mashindano. Mtoto anakua, si mbuzi wa kupimwa sokoni.

La mwisho ni ngozi. Kwenye mkeka watoto huambukizana choa, yale mnayoyaita mashilingi yakitokea kichwani. Aoge kwa sabuni akitoka mazoezini, koti lifuliwe kila mara, kucha zikatwe, taulo asiazime. Akiwa na choa au kidonda kinachotoa maji, apumzike hadi atibiwe. Choa cha kichwani hakiponi kwa mafuta ya kupaka peke yake, kinahitaji vidonge, kwa hivyo mlete kliniki tumwone.

Yule kijana wa kiwiko alifungwa plasta. Bado anataka kucheza, na mama yake ameniuliza kama amruhusu. Nilimwambia akishapona, ndiyo, lakini kwanza amfanyishe zoezi moja nyumbani: amshike mkono kwa upole, naye apige kabla haujauma. Wafanye hivyo hadi azoee.