Penalti inaanzia mu kichwa

San Pedro, Côte d'Ivoire, tarehe 28 Januari 2024. Léopards na Misri 1-1, kisha penalti. Kipa wa Misri, Gabaski, anagonga mwamba wa goli. Kipa wetu Lionel Mpasi anachukua mpira, anafunga: 8-7!

Moyo wa vile unatoka wapi? Makocha wa akili wanasema unazoezwa, sawa na miguu. Watafiti wa penalti waliona kwamba wenye kukimbilia mpira mara tu filimbi inapolia njo wanakosa zaidi. Basi simama, pumua polepole, chagua kona moja, usibadilishe.

Sisi wa mine tunaijua: mu shimo, haraka inaumiza. Wazazi, mtoto akikosa penalti musimutukane. Mumufundishe kupumua.