Pikapu ya Kikundi: Itabeba Magunia Mangapi?

Vikundi vingi vinapochanga pesa za kununua au kukodi pikapu, swali la kwanza huwa ni bei. La pili ni, "Itabeba magunia mangapi?" Mara nyingi anayejibu ni dereva au utingo, naye hutazama tu kama nyuma kumebaki nafasi. Ndugu zetu na kina mama, nafasi si kipimo. Kipimo ni kilo.

Haya basi, tupige hesabu. Pikapu huwa na kibati cha kiwanda, aghalabu mlangoni au chini ya boneti, kinachoonyesha uzito wa juu kabisa: gari pamoja na vyote vilivyomo. Toeni hapo uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho mzigo.

Tuseme kibati kinasema kilo 2,700, na gari tupu ni kilo 1,600. Zinabaki 1,100. Dereva na wanachama wawili ni kama kilo 210. Vyuma mlivyochomelea nyuma ni kilo 60. Sasa mna 830, yaani magunia 9 ya mahindi ya kilo 90. La kumi limezidi. Je, tangi la maji la lita 1,000? Maji peke yake ni kilo 1,000. Haliwezekani.

Kwa nini kuna mpaka? Kwa sababu gari haliwezi kushinda sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote.

1. Springi na ekseli. Fundi atawaambia, "Tuongeze jani moja la springi, itabeba zaidi." Kweli, gari halitakaa chini nyuma. Lakini ekseli, chesisi, tairi na breki ni zile zile za jana.

2. Tairi. Ubavuni pana namba ya uzito. Namba 106, kwa mfano, ni kilo 950 kwa tairi moja yenye upepo kamili. Upepo ukipungua, uwezo hupungua. Tairi hushika moto na kupasuka.

3. Breki. Gari lililozidishiwa huchelewa kusimama. Kwenye mteremko mrefu breki hupata joto mpaka zinakataa kushika. Hapo ndipo watu hufa.

Na kuvuta trela je? Hiyo ni hesabu nyingine. Trela hubebwa na magurudumu yake, lakini injini, klachi, gia na breki za pikapu ndizo zinazoumia. Someni mpaka wa kuvuta katika kitabu cha gari. Kwa trela isiyo na breki zake, mpaka mara nyingi ni kilo 750. Tena trela hulalia ndoano kwa karibu asilimia 10 ya uzito wake. Trela ya kilo 700 itakula kilo 70 za mzigo wenu, na yale magunia 9 yatakuwa 8.

Wanaopanda milima wakumbuke pia kwamba injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Njia ya Timboroa, iliyo juu ya mita 2,500, si sawa na ya Mombasa.

Basi, kabla ya kulipa, mwenyekiti na mweka hazina wasome kibati wenyewe, na hesabu iandikwe katika kitabu cha kikundi. Safari mbili hugharimu mafuta zaidi, lakini ekseli ikivunjika njiani, mtapoteza gari, mazao na siku ya soko.